Aliandikwa mfuaji nguo, akauguza askari zaidi ya miaka minne bila malipo

HEMA hilo lilitengwa na mengine kambini. Ndani yake alilala askari mmoja aliyeugua ndui, na mbali na daktari na msaidizi wake hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Hata hivyo, kila siku binti wa miaka 14 hivi, Susie King, alifunua pazia la hema na kukaa na mgonjwa. Alikuwa amechanjwa, na juu ya chanjo alikuwa akinywa chai ya mizizi ya mti wa sasafrasi kwa imani kwamba inasafisha damu. Kila usiku, kabla hajaenda kulala, alipita tena kuhakikisha mgonjwa yuko sawa.

Askari yule alifariki dunia. Wengine wengi waliopita mikononi mwa Susie walipona wakarudi kwao. Lakini katika daftari la jeshi binti huyo hakuandikwa muuguzi. Aliandikwa mfuaji nguo wa kombania.

Neno hilo moja lilimgharimu maisha yake yote.

Vita vyenyewe ni vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vilivyoanza Aprili 1861 baada ya majimbo ya Kusini, yaliyotaka utumwa uendelee, kujitenga na serikali ya Muungano. Viliisha mwaka 1865. Vilipoanza, jeshi la Muungano halikuwa na kikosi chochote cha wauguzi. Waliowahudumia wagonjwa walikuwa askari wenzao, mara nyingi wale ambao nao walikuwa hawajapona sawasawa, waliopewa ndoo na beseni kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kubeba bunduki.

Vita hivyo viliua watu zaidi ya 600,000, na karibu theluthi mbili yao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya matumbo, nimonia, surua na malaria. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijawafikia madaktari. Joseph Lister wa Uingereza alichapisha kazi yake juu ya kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita kwisha. Kabla ya hapo daktari wa jeshi aliweza kumkata mtu mguu, akafuta kisu kwenye aproni, akamgeukia anayefuata. Sifongo moja ilifuta vidonda vya watu kadhaa, kisha ikasuuzwa kwenye beseni lilelile.

Katika hali hiyo, maji ya moto, sabuni, shuka lililofuliwa na bakuli la supu vilikuwa sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Aliyefua shuka la mgonjwa wa homa ya matumbo alikuwa akizuia wagonjwa wengine kumi, ingawa wakati huo hata yeye mwenyewe hakujua ni kwa nini.

Dix na masharti yake

Wanawake walijitokeza tangu wiki za kwanza. Juni 1861 serikali ikamteua Dorothea Dix, aliyekuwa na jina kwa kuwapigania wagonjwa wa akili, kuwa msimamizi wa wauguzi wanawake wa jeshi. Dix alikuwa mkali. Alitaka wanawake wa miaka 35 hadi 50, wenye sura ya kawaida tu, wanaovaa nguo za kahawia au nyeusi. Hakutaka utepe, wala vito, wala nywele zilizosokotwa mawimbi, wala zile sketi za siku hizo zilizotanuliwa kwa pete kubwa. Hofu ilikuwa kwamba wasichana wangekuja wodini kutafuta wachumba. Malipo yalikuwa senti 40 kwa siku, yaani dola 12 kwa mwezi, pamoja na chakula.

Wauguzi wapatao 3,000 walipita chini ya Dix. Lakini wengi zaidi hawakupita kwake kabisa. Kuna waliofuata waume na wana wao vikosini, waliotumwa na makanisa na vyama vya misaada, na waliochukuliwa na daktari mmoja mmoja kwa mapatano ya mdomo. Kulikuwa pia na masista wa Kikatoliki zaidi ya 600 wa mashirika mbalimbali, ambao madaktari wengi waliwapendelea kwa sababu walizoea nidhamu, na baadhi yao walikuwa wamewahi kufanya kazi hospitalini. Wengi katika makundi haya hawakulipwa hata senti moja.

Hata sharti la umri halikushikwa sana. Louisa May Alcott, ambaye baadaye angeandika Little Women, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 30 alipofika katika hospitali ya Georgetown, Washington, Desemba 1862. Lilikuwa jengo la hoteli ya zamani lililojazwa vitanda. Siku chache baadaye wakaletwa majeruhi wa vita vya Fredericksburg, wenye matope mpaka magotini, bendeji zimekauka kwa damu. Kazi ya kwanza aliyopewa Alcott ilikuwa kuwavua nguo na kuwaosha wanaume wazima asiowajua. Alishtuka, kisha akashika sabuni.

Hakumaliza miezi miwili. Homa ya matumbo ilimwangusha, na pamoja naye msimamizi wa wodi, Hannah Ropes, mama aliyekuwa amepigania majeruhi wasiibiwe chakula. Ropes alikufa Januari 1863. Alcott alipelekwa nyumbani akiwa hajitambui, na dawa aliyopewa ilikuwa na zebaki. Aliamini mwenyewe kwamba afya yake haikurudi tena kama zamani.

Usiku, taa zikipunguzwa, kazi nyingine ilianza: barua. Askari aliyepoteza mkono hakuweza kuandika, na mwingine hakujua kuandika tangu hapo. Muuguzi aliketi pembeni ya kitanda akaandika anachoambiwa, na mgonjwa akifa, aliandika mwenyewe kwa mama wa marehemu. Mama wale waliuliza mambo yaleyale: je, alikuwa na mtu karibu? Alisema neno? Amezikwa wapi?

Mama Bickerdyke na mapipa

Magharibi mwa nchi, mjane mmoja wa Galesburg, Illinois, alipata habari kanisani kwamba vijana wa mji wake wanakufa kwa uchafu katika kambi ya Cairo, kusini mwa jimbo hilo. Mary Ann Bickerdyke alikuwa na miaka 40 na kitu, mtaalamu wa dawa za mimea, na mama wa wavulana wawili. Waumini walichanga mahitaji, yeye akapewa jukumu la kuyafikisha, wanawe wakabaki kwa majirani. Alikusudia kwenda na kurudi, akakaa mpaka vita vilipokwisha.

Alichokuta Cairo ni mahema yaliyojaa wagonjwa waliolala kwenye majani machafu. Hakuomba ruhusa. Aliagiza mapipa yakatwe katikati yawe mabeseni ya kuogea, akachemsha maji, akawaogesha wagonjwa mmoja baada ya mwingine, akawavika nguo safi, akawasha jiko. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja alipomuuliza ana mamlaka ya nani, alimjibu kuwa ametumwa na Mungu, na kama daktari ana mwenye cheo kikubwa zaidi ya huyo amtaje.

Baada ya mapigano makubwa, nguo na mablanketi yenye damu yalikuwa yakitupwa au kuchomwa moto. Bickerdyke aliona ni wazimu. Aliyakusanya, akatafuta masufuria makubwa, akaanzisha ufuaji wa hospitali, na huko Memphis waliofanya kazi hiyo walikuwa watu weusi waliotoka utumwani. Wagonjwa walipokosa maziwa na mayai alirudi Illinois kuomba, akashuka tena Memphis na ng'ombe na kuku kwa mamia. Askari walimwita Mama. Vita vilipokwisha, Mei 1865, jeshi lilipopita kwa gwaride katika mitaa ya Washington, alikuwemo juu ya farasi.

Kwa mtazamo wa leo, huyo ni mkurugenzi wa afya ya jamii. Kwa macho ya makarani wa wakati ule alikuwa mama mwenye huruma anayepika na kufua.

Binti wa vitabu vilivyofunikwa

Susie King alizaliwa mtumwa mwaka 1848 katika jimbo la Georgia. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa kisheria. Bibi yake aliyeishi mjini Savannah alimpeleka yeye na mdogo wake kwa mjane mmoja mweusi, mtu huru, aliyefundisha watoto kwa siri jikoni kwake. Watoto walifunika vitabu kwa karatasi ili polisi na wazungu wengine wasivione, wakaingia mmoja mmoja ili wasionekane kundi.

Aprili 1862, kabla hajatimiza miaka 14, alitoroka na familia ya mjomba wake wakavuka hadi visiwa vilivyokuwa mikononi mwa jeshi la Muungano. Wanajeshi walishangaa kumkuta binti mweusi wa Kusini anayejua kusoma na kuandika. Wakampa shule. Mchana alifundisha watoto wapatao 40, usiku wakaja watu wazima.

Aliolewa na sajenti Edward King wa kikosi cha askari weusi cha South Carolina, akahamia nacho kambini. Hapo ndipo alipoandikwa mfuaji, ingawa baadaye alieleza kwamba kufua alifua kidogo sana, kwa kuwa kila mara kulikuwa na jambo jingine la kufanya. Alifundisha askari kusoma. Alisafisha bunduki na kujifunza kulenga shabaha. Na majeruhi walipoletwa, alifunga vidonda, akalisha, akakesha.

Siku moja alikuta wagonjwa hospitalini wamechoka na chakula cha jeshi, hawawezi hata kukimeza. Hakuwa na chochote ila makopo ya maziwa mazito na mayai ya kasa. Akapika kastadi. Wagonjwa waliila na kumshukuru.

Kikosi kizima kilikuwa na njaa ya namna nyingine. Serikali iliwaahidi askari hao weusi mshahara sawa na wazungu, kisha ikataka kuwalipa pungufu. Walikataa kupokea nusu, wakapigana kwa miezi mingi bila kulipwa, huku wake zao wakifua nguo za maofisa na kuuza keki ili watoto wale. Haki yao ilitambuliwa mwaka 1864. Susie mwenyewe hakulipwa hata dola moja kwa zaidi ya miaka minne, na aliandika kwamba aliridhika kwa kuwa alipata nafasi ya kuwahudumia.

Katika hospitali ya Beaufort, mwaka 1863, alikutana na mwanamke mwingine aliyekuwa akizunguka wodini naye, Clara Barton. Susie alikumbuka jinsi Barton alivyokuwa mkarimu kwake, na jinsi alivyojitoa kuwahudumia majeruhi.

Barton, mwalimu wa zamani na karani wa ofisi ya serikali, tayari alikuwa na sifa. Septemba 1862, huko Antietam, risasi ilipenya mkono wa gauni lake na kumuua majeruhi aliyekuwa akimnywesha maji. Vita vilipoisha alifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea. Barua zaidi ya 63,000 zilimfikia, nyingi kutoka kwa mama, baba na wake, na aliweza kujua yaliyowapata wanaume zaidi ya 22,000. Bunge lilimrudishia gharama kwa dola 15,000. Mwaka 1881 alianzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Nani muuguzi?

Barton alitambuliwa. Wengine walizeeka wakingoja. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya vita, muuguzi aliyetaka pensheni ilibidi atafute mbunge wa kumpelekea muswada wake peke yake. Bickerdyke, pamoja na mapigano 19 aliyopitia, alipata pensheni yake mwaka 1886: dola 25 kwa mwezi.

Umoja wa wanawake ulioitwa Woman's Relief Corps, uliosaidia wapiganaji wa zamani na familia zao, ulishika suala hilo kwa nguvu, na Agosti 1892 Bunge likapitisha sheria ya pensheni kwa wauguzi wa jeshi. Ilikuwa dola 12 kwa mwezi, kiasi kilekile cha mshahara wa wauguzi wa Dix miaka 30 nyuma. Mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba aliajiriwa kama muuguzi na mamlaka inayotambuliwa na Wizara ya Vita, kwamba alihudumu miezi sita au zaidi, na kwamba hawezi tena kujipatia riziki.

Wakati sheria hiyo inapita, wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walianza kutafuta makaratasi. Aliyejitolea bila malipo hakuwa na jina kwenye hati ya mishahara. Daktari aliyemwita kwa mdomo alikuwa kaburini. Na kumbukumbu za hospitali za Muungano zina majina ya wanawake zaidi ya 21,000, karibu mmoja katika kila kumi akiwa mweusi, lakini wengi wa hao weusi waliandikwa wapishi au wafuaji, hata pale ambapo kazi yao ya kila siku ilikuwa kitandani kwa mgonjwa.

Kiswahili hakina shida hiyo. Kuuguza ni kuuguza, iwe ni dada mwenye sare wodini au mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, na yeyote aliyewahi kulaza ndugu hospitali anajua kwamba anayeleta uji na kufua shuka yumo ndani ya neno hilo. Sheria ya 1892 ilitenganisha mambo hayo. Aliyepima dawa alikuwa muuguzi, na aliyesafisha kitanda cha mwenye kuhara damu, huku yeye mwenyewe akijiweka kwenye hatari ileile, alikuwa mfuaji.

Harriet Tubman, anayejulikana zaidi kwa kuwatorosha watumwa, aliuguza askari Beaufort kwa dawa za mizizi alizozijua, na kwa kuwa posho yake ililalamikiwa aliiacha, akawa anaoka pai usiku na kuziuza ili aishi. Alihangaikia malipo yake kwa zaidi ya miaka 30. Alichopata kwanza ni dola nane kwa mwezi kama mjane wa askari. Mwaka 1899, baada ya kuombewa sana na uuguzi wake kutajwa, kikapandishwa hadi dola 20, lakini kwenye orodha alibaki mjane.

Wapo waliookolewa na karatasi. Ann Bradford Stokes, aliyetoka utumwani Tennessee, alihudumu katika meli ya hospitali ya jeshi la majini iliyoitwa Red Rover. Jeshi la majini halikuwa na cheo cha mwanamke, hivyo alisajiliwa kama mvulana wa daraja la kwanza. Kichekesho hicho ndicho kilichomsaidia: jina lake lilikuwa kwenye hati ya mishahara. Uzeeni aliomba pensheni kwa utumishi wake mwenyewe, si wa mume, akapata dola 12 kwa mwezi.

Upande wa Kusini nao ulikuwa na mashujaa wake waliotajwa, kama Sally Tompkins wa Richmond aliyepewa cheo cha kapteni kwa hospitali yake iliyopoteza wagonjwa 73 tu kati ya 1,333. Lakini katika hospitali nyingi za huko waliopika, kufua na kuuguza walikuwa watumwa waliokodishwa, na ujira wao ulikwenda kwa mabwana zao. Majina yao hayatafutiki hata kwa darubini.

Kitanda cha mwanawe

Sajenti King alifariki mwaka 1866, Susie akiwa mjamzito. Alifungua shule Savannah akitoza dola moja kwa mwezi kwa mwanafunzi, shule ya bure ilipofunguliwa akapoteza wanafunzi, akaishia kuwa mtumishi wa ndani, akipika na kufua. Baadaye alihamia Boston, akaolewa na Russell Taylor, na mwaka 1886 akawa miongoni mwa waanzilishi wa tawi la Woman's Relief Corps, umoja uleule uliopigania pensheni za wauguzi. Aliendelea kuwasaidia maveterani. Pensheni ya uuguzi yeye hakuipata.

Mwaka 1898 alipata taarifa kwamba mwanawe pekee, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, anaumwa sana Shreveport, Louisiana. Alisafiri kwa treni mpaka Kusini. Alimkuta amedhoofika, hawezi kukaa, akataka kumrudisha Boston akiwa amelala. Mabehewa ya kulala yalikuwepo, na nauli ilikuwepo. Mweusi hakuuziwa kitanda. Mwanamke aliyeuguza watoto wa wenzake vita nzima alibaki na mwanawe mpaka akafia pale.

Miaka minne baadaye, 1902, alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Humo hakuandika juu yake tu. Alisema watu wengi hawajui walichofanya wanawake weusi vitani, akawataja wale wa Savannah waliokuwa wakipenyeza chakula usiku kwa wafungwa wa Muungano, wakijua wakikamatwa wataadhibiwa. Ni kitabu chembamba, na ndicho kilichofanya jina lake lisizikwe pamoja na daftari la kombania.

Alifariki mwaka 1912, mwaka uleule aliofariki Clara Barton. Alizikwa Boston, na kaburi lake lilikaa bila jina lake kwa zaidi ya miaka 100, hadi jiwe lilipowekwa mwaka 2021. Savannah, mji alikojifunza kusoma kwa kuficha vitabu, una viwanja vya wazi vya kihistoria vyenye miti mikubwa. Kimojawapo kilibeba kwa muda mrefu jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa. Mwaka 2023 baraza la jiji lilipiga kura, na sasa kinaitwa Taylor Square, cha kwanza kati ya vyote kuitwa kwa jina la mwanamke.